Ringi za Raleigh yangu zimelika mpaka zimebonyea: nitafute za 27 au nihamie 700C? (Dodoma)

Chaki_Mkonze

Wakuu, mbukwenyi. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu na baiskeli za resi za zamani.

Ninayo Raleigh ya gia kumi, ile ya Nottingham, niliyoachiwa na baba mdogo alipostaafu kazi ya reli. Yeye aliinunua kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwaka hakumbuki, anakumbuka tu kwamba sukari ilikuwa ya foleni. Fremu haina kutu ya kutisha. Habu, vile vitovu vya magurudumu, ni nzima kabisa. Nilizifungua wakati wa Pasaka, nikaweka gololi mpya na grisi, na sasa ukilizungusha gurudumu unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukalikuta bado linazunguka.

Shida ni ringi. Kila siku ya kazi natoka Mkonze kwenda shuleni mjini na kurudi, na vumbi letu mnalijua, kuanzia Juni hadi mvua ya Desemba. Ule mchanga unanata kwenye raba za breki, halafu kila ukifunga breki unapiga ringi msasa. Wiki mbili zilizopita nikaanza kusikia mkwaruzo nyuma. Nikaweka rula ya chuma ubavuni mwa ringi, pale raba inaposugua, na katikati mwanga ukapita. Pamebonyea kama kisosi. Ringi ni za aluminiamu, Weinmann, matundu 36 mbele na 36 nyuma, tairi ni 27 x 1 1/4. Friwili, yale meno ya nyuma ya mnyororo, ni SunTour ya gia tano.

Nilimpelekea fundi mmoja mjini, akaniambia 27 haipo siku hizi, "28 ni ileile tu, inaachana kidogo." Akaniuzia tairi la Phoenix tujaribu kwanza kwenye ringi hiyohiyo. Liliingia kwa vidole, bila hata kulipenyeza kwa kijiko. Nilifurahi, nikasema leo nimepata fundi. Nikalijaza upepo nyumbani, nikafika nalo shuleni, nikaiegemeza baiskeli nje ya darasa la kidato cha pili. Jua lilipopanda, tyubu ikachomoka pembeni na kupasuka. Mlio ule! Darasa zima chini ya madawati, na mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa nimejua tairi halikuwa lake. Naomba kujua: nitafute ringi za 27 zilezile, nihamie kipimo hiki cha 700C, au ninunue magurudumu mazima ya mtumba niachane na kusuka spoku? Na spoku za zamani zinaweza kurudi kwenye ringi mpya? Zina kutu kidogo ila hazijakatika.

Boda_Nkuhungu

Mwalimu uza hiyo chuma chakavu, uongezee hela, uchukue pikipiki. Mkonze hadi mjini kwa baiskeli na upepo huu wa Agosti unatafuta nini?

Ukigoma, piga ringi za Phoenix mbele na nyuma. Mimi babu yangu kabebea magunia ya mtama hizo ringi miaka thelathini.

Mzee_Habu

Mwalimu, pole kwa mshtuko. Kabla ya yote, usiipande hiyo baiskeli tena mpaka ringi zibadilishwe, hasa kama ya mbele nayo imebonyea. Upepo ndani ya tyubu unasukuma tairi, tairi linasukuma kuta za ringi zipanuke kwenda nje, saa ishirini na nne, hata baiskeli ikiwa imelala. Ukuta ukiwa mzima hausikii. Ukibaki na unene usiofika milimita moja, siku unashuka mteremko na kufunga breki, ubavu unachanika kama ukanda wa kopo la samaki. Kwa nyuma utaburuza. Kwa mbele utaruka.

Huyu kijana wa Nkuhungu simlaumu, babu yake alibeba mtama kweli. Lakini ringi ya Phoenix ni ya breki za vyuma, zile ambazo raba zinavutwa juu na kubana ringi kwa upande wa ndani, unaotazama habu. Ubavu wake umeviringika, hauna sehemu bapa ya kubanwa na breki yako ya kubana pembeni. Tena ni ya chuma, na tairi lake nene la milimita 40 litasugua fremu yako. Kwa hiyo hapana.

Kuhusu namba. Mimi nimesuka magurudumu tangu enzi za baiskeli za Swala, na ugomvi nilioamua mara nyingi kuliko wowote ni huu wa "28". Majina ya tairi ni kama majina ya utani, mtaa mmoja kuna Masanja watano. Achana nayo. Geuza tairi ubavuni utafute namba ndogo yenye kistari katikati. Lako la 27 x 1 1/4 limeandikwa 32-630. Hiyo 630 ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. La Phoenix, 28 x 1 1/2, ni 40-635. Umeona? Lako lilizidi milimita tano, ndiyo maana liliingia kwa vidole, na ndiyo maana likatoka bila kuaga. 700C ni 622. Na ukikuta tairi limeandikwa 700 x 28C, hiyo 28 ni unene tu, haihusiani kabisa na 28 ya Phoenix. Mafundi wengi wanaangukia hapo.

Ushauri wangu: hamia 622. Tairi za 622 utazipata leo na baada ya miaka kumi, na ringi zake za sasa zina ukingo wa ndani uliojipinda kama kulabu unaoshika tairi, kitu ambacho ringi nyingi za 27 za zamani hazina.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, nenda kwenye breki zako. Ringi ya 622 ni ndogo kwa milimita 8 kwenye kipenyo, maana yake ubavu wake utakaa milimita 4 chini zaidi ya pale raba zinapogusa sasa. Legeza nati ya raba, isukume chini kwenye ule mfereji wake, upime. Ikishuka milimita 4 na bado nati inakaa vizuri, umeshinda. Ikigoma, baki na 630.

Spoku za zamani usirudishe. Kwanza zitakuwa ndefu kwa kama milimita 4, ncha zitatokeza nje ya nati zake na kuchoma tyubu, tena uzi utaisha kabla spoku haijakaza. Pili, spoku huwa haikatiki katikati, hukatika pale shingoni, kwenye kona inayoingia kwenye habu, na shingo zako zimekunjwa na kukunjuliwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Kutu unaiona, uchovu huuoni. Ungekuwa unaweka ringi mpya yenye kipimo kilekile cha ile ya zamani, na spoku bado changa, basi ungezifunga ringi mbili pamoja kwa plasta, tundu kwa tundu, ukahamisha spoku mojamoja bila hata kuvuruga msuko. Kwako haifai.

Urefu wa spoku mpya, wewe ni mwalimu, utaupenda. Kata spoku mbili za zamani zibaki milimita 200 kila moja, ukipima kutoka upande wenye uzi. Zifunge nati zake, zichomeke kwenye matundu mawili yanayotazamana ya ringi MPYA (hesabu 18, siyo kwa macho), zivute zinyooke, pima nafasi iliyobaki katikati, jumlisha 400. Tuseme umepata 610. Nusu yake ni 305. Halafu pima kwenye habu: kutoka katikati ya ekseli hadi mduara wa matundu ya spoku, tuseme 22, na kutoka katikati ya upana wote wa habu hadi kila sahani yenye matundu, tuseme kushoto 34 na upande wa friwili 21. Kwa matundu 36, kila spoku ikipishana na tatu, pembe ni nyuzi 60, na kosaini yake ni nusu, kwa hiyo kikokotoo cha simu kinatosha:

305 x 305, jumlisha 22 x 22, jumlisha 34 x 34, toa 305 x 22. Tafuta kipeuo cha pili, toa 1.2 kwa ajili ya nusu ya tundu la habu. Unapata 295. Upande wa friwili weka 21 badala ya 34, unapata 294.

Hizo ni za mfano wangu. Pima za kwako.

Binti_Manyoni

Shikamoo Mzee Habu, na kaka mwalimu habari za kazi.

Mimi nitapingana kidogo na mzee. Baiskeli za mtumba za Kijapani, zile za kikapu mbele ambazo akina mama wanazipenda, zipo za aina mbili. Ndogo ni 26 x 1 3/8, hizo ni 590, ziache. Lakini kubwa ni 27 x 1 3/8, na ukisoma ubavuni utakuta 37-630. Ni 630 ileile ya Raleigh! Nimeziona kwa macho Dar zimerundikwa kama kuni. Kaka anaweza kupata ringi na tairi kwa bei ya soda na asiguse breki.

Kuhusu magurudumu mazima, mimi niliingia huo mkenge. Nilinunua jozi ya 700C mtumba, nzuri, zinang'aa, za gia tisa. Fremu yangu ni ya zamani kama ya kaka, nafasi ya nyuma ni milimita 120. Habu ile ni 130. Muuzaji akasema chuma kinapanuka, vuta tu. Nilivuta na shemeji yangu, likaingia, na kila nikitaka kuziba pancha tulihitaji watu wawili. Na huku kwetu kwa mbigili hizi, pancha ni mara mbili kwa wiki. Mwisho nikamwambia shemeji asisafiri.

Mzee_Habu

Marahaba binti. Hiyo ya Wajapani ni kweli na umenikumbusha. Ila akaangalie ringi yenyewe: nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa kama sufuria ya harusi, na raba juu ya chuma kilicholowa ni dua tu. Akipata za aluminiamu achukue. Tairi lake la 37 anaweza kukuta linagusa breki, lakini ringi ni ringi, atatafuta jembamba.

Chaki_Mkonze

Asanteni sana. Nimepima breki: mbele raba inashuka milimita 6, nyuma 5 kasoro. Kwa hiyo ni 622. Dada wa Manyoni, nilitamani sana hizo za kikapu, lakini jamaa yangu aliyeko Kariakoo amezunguka, za aluminiamu zote zilikuwa zimepinda. Amepata ringi mbili za 700C, mpya, matundu 36. Ringi zimefika jana kwa basi.

Leo usiku naanza kufungua gurudumu la nyuma.

Mzee_Habu

Mwalimu, nimeamka usiku nimekumbuka kitu. USIFUNGUE SPOKU KABLA YA KUTOA FRIWILI. Friwili inajikaza yenyewe kila unapopiga pedali, na bila ringi huna mahali pa kushika. Nisamehe, nilipaswa kuanza na hilo.

Chaki_Mkonze

Shikamoo mzee. Umechelewa kwa masaa sita.

Nimefungua zote. Za kushoto zimetoka kama nywele za mgonjwa. Za kulia kumi na nane zimening'inia kwenye habu, haziendi mbele wala nyuma, friwili imezifungia. Nimeikuta habu asubuhi juu ya meza ya chakula imekaa kama buibui. Mama watoto ameuliza kama huyo mgeni atakunywa chai.

Nikate kwa pulaizi?

Mzee_Habu

Marahaba. USIKATE. Una bahati hukukata jana. Hizo kumi na nane ndizo zitakazokuokoa.

Chukua ringi ya zamani, ile iliyobonyea. Haitabeba tairi kwa hiyo haina hatari. Zirudishe spoku zote, msuko uleule wa tatu, huna haja ya kubalansi, yaani kuinyoosha ringi, kaza tu hadi zisicheze. Umepata usukani wa kushikia. Halafu tafuta kifungulio cha SunTour chenye meno mawili. Meno mawili hayo yanaruka kirahisi na kuvunja vipengo vya friwili, kwa hiyo kibane kwa nati ya ekseli, kisishikwe kwa mkono. Nenda kwa fundi wa kuchomelea mageti mwenye vaisi kubwa, kamata kifungulio kwenye vaisi kikiwa kinatazama juu, gurudumu limelala juu yake kama meza. Zungusha gurudumu kushoto. Likilegea tu kidogo, simama, legeza ile nati ya ekseli kwanza, ndipo uendelee.

Weka mafuta ya taa usiku kucha kabla ya hapo.

Boda_Nkuhungu

Hii thread imekuwa tamu kuliko mechi. Mwalimu mimi niko hapa.

Chaki_Mkonze

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa na mitihani.

Friwili ilitoka. Ilihitaji mimi, fundi mageti, na kijana wake aliyekuwa anakula muhogo, na ilipoachia ulilia mlio ambao niliamini ni habu imepasuka. Haikupasuka. Nilimlipa fundi elfu tatu na akaniomba nisirudi.

Vipimo vyangu vilikaribiana na vya mzee: nyuma 295 kushoto na 294 kulia, mbele 297. Niliviandika ubaoni kidato cha nne tulipofika kwenye kanuni ya kosaini, nikawaambia pembe ni 60 watafute upande wa tatu. Mmoja aliuliza hii inatumika wapi kwenye maisha, nikamwonyesha baiskeli dirishani. Duka lilikuwa na 295 na 297 tu, nikaweka 295 pande zote za nyuma. Ile milimita moja iliyozidi upande wa kulia imemezwa na nati bila kutokeza.

Kusuka kulinichukua jioni tatu. Ya kwanza nilikosea tundu la kuanzia, kila spoku ya pili ikawa inavuta kwenda siko, nikavunja yote. Ya pili nikapata msuko. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba upande wa friwili spoku zinakaza sana kuliko kushoto, kwa kuwa sahani ya kulia imesogea katikati kuipisha friwili, nilidhani nimeharibu. Kuhakikisha ringi iko katikati nililitia gurudumu kwenye fremu, nikaweka alama, nikaligeuza kushoto kulia, nikaangalia kama alama imehama. Ilihama milimita tatu. Nikalegeza kulia robo mzunguko, nikakaza kushoto robo, pole pole, zamu nzima, hadi ikatulia.

Kubalansi nilifanya baiskeli ikiwa imepinduliwa, na njiti ya kiberiti nimeifunga kwa mpira kwenye fremu ikaribie ringi. Na kukaza nilitumia masikio. Unagonga spoku kwa ukucha, za upande mmoja zitoe sauti moja. Ikitoka ya chini, imelegea. Baba mdogo alikuja kunitembelea, akakaa kwenye kigoda akinisikiliza nikigonga, akasema nipunguze kidogo ile ya tatu. Mimi sikusikia tofauti. Nikaipunguza, ringi ikanyooka. Huyu mzee alikulia kwenye ilimba, ala yetu ya Kigogo ya kupigwa kwa vidole gumba, nyumba yao kila mtu alikuwa anapiga, nilisahau.

Mwisho nilibana spoku mbili mbili kwa viganja, zikalia kwa kukaa sawa, nikabalansi tena. Raba za breki nimeweka mpya, zile za zamani zilikuwa na vipande vya aluminiamu vimezama ndani, vinametameta. Tairi nimeweka 28-622.

Leo ni siku ya tisa, Mkonze na kurudi. Mbele iko sawa kama sarafu. Nyuma siku ya pili ilihama nusu milimita, nikairudisha, haijahama tena.

Mzee_Habu

Umefanya kazi. Kila jioni siku ya mvua, futa ubavu wa ringi na kitambaa na uondoe mchanga kwenye raba kwa kisu. Na mpe baba mdogo salamu zangu, mwambie namhitaji karakana Kizota, masikio yangu siku hizi hayasikii za juu.

Binti_Manyoni

Hongera kaka! Hizo ringi za zamani usitupe, watoto wanazitaka za kuendesha na fimbo.

Chaki_Mkonze

Zimeshachukuliwa, dada. Moja imepita hapa sasa hivi inakimbizwa na watoto sita.

Nina tairi la Phoenix, 40-635, jipya, limetembea kutoka Mkonze hadi shuleni mara moja tu. Boda_Nkuhungu, kama ile baiskeli ya babu bado ipo, njoo ulichukue. Tyubu sina.